Stresi na ngozi yako: mwongozo kamili wa kuishusha kabla hujanunua kremu nyingine

Nauza kwenye duka la dawa hapa Ngamiani, Tanga mjini, na kwa kusimama nyuma ya kaunta nimeona kwamba chunusi zina kalenda. Januari ya ada za shule, wiki ya marejesho ya mikopo, wiki za mitihani vyuoni, miezi ya harusi, hapo ndo tyubu zinaisha kwenye shelfu. Mtu anaingia anasema "nipe ile kali kabisa", nikimuuliza analala saa ngapi ananitazama kama nimemuuliza mshahara. Wakati mwingine nusu ya jibu lake iko kwenye hilo swali.

Ninachotaka tuelewane kwenye mwongozo huu ni hiki: ngozi iliyovurugwa na mawazo inavurugwa mara ya pili na vitu tunavyoikimbiza navyo, kwa hiyo mpangilio wa hatua una maana, unaanza kwa kupunguza ndipo unaongeza, na ukiruka utarudi dukani kwangu mwezi ujao na mimi nitakuuzia tu maana ndo kazi yangu.

Mwilini kunatokea nini

Ukipata jambo, iwe ni simu ya afisa mikopo au mume kanuna leo siku ya tatu haongei, ubongo unalichukulia kama hatari. Kuna sehemu ndogo chini ya ubongo inaitwa haipothalamasi, inatoa homoni ya kuiamsha tezi nyingine hapohapo kichwani, nayo inapeleka ujumbe kwa tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na hizo ndo zinamwaga kortisoli. Adrenalini nayo inatoka kwenye tezi hizohizo, ila inaamshwa moja kwa moja na neva. Adrenalini inakuja mbio na kuondoka mbio, moyo unadunda viganja vinaloa jasho basi imeisha. Kortisoli ndo inakawia, na kama kila siku una jambo jipya haipati nafasi ya kushuka vizuri.

Sasa ngozi inaingiaje. Vile vitezi vya mafuta vilivyo kwenye vinyweleo vina vipokezi vya homoni za stresi, zikipanda vinatoa mafuta mengi, mafuta yanachanganyika na seli zilizokufa yanaziba kitundu, bakteria wanaoishi humo siku zote wanapata sherehe, kinga ya mwili inakuja kupigana nao na wewe unaamka na kipele kinauma kidevuni. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti wao kwa wanafunzi wa chuo wenye chunusi, waliwaangalia wakati wa kawaida na wakati wa mitihani, na wale ambao stresi yao ilipanda zaidi ndo chunusi zao zilizidi zaidi. Kikundi kilikuwa kidogo, watu 22 tu, ila mtu yeyote aliyewahi kukaa bweni anajua.

La pili ni ule ukuta wa nje wa ngozi. Seli za juu zimebanana na katikati yake kuna mafuta maalum yanayozuia maji yasitoke na uchafu usiingie. Stresi ya muda mrefu inaudhoofisha huo ukuta, maji yanapotea, ndo maana unakuta mtu uso unang'aa mafuta lakini ukipaka losheni ileile uliyoizoea inachoma. Watu wengi hapo wanachanganyikiwa, wanasema ngozi yangu ina mafuta naisugua zaidi, kumbe ina mafuta na imechubuka kwa pamoja.

La tatu ni kupona. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State waliwachukua wanawake waliokuwa wanawauguza ndugu zao wenye ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, kazi ya mchana na usiku hiyo, wakawatoa kijinyama kidogo cha milimita 3.5 kwenye mkono na kuhesabu siku za kidonda kufunga. Walichukua takriban siku 9 zaidi kuliko wanawake wa umri wao wasiokuwa na mgonjwa nyumbani. Sasa fikiria kipele ulichokitumbua, nacho ni kidonda.

Na la nne ni mwasho. Neva za ngozi zinapochangamshwa na stresi zinaamsha seli zinazotoa histamini, hiyohiyo inayofanya mtu mwenye mzio avimbe na kuwashwa. Unawashwa, unajikuna, kujikuna kunachubua, mchubuko unawasha, usiku huo hulali, kesho stresi imezidi. Mzunguko ndo huo.

Kitu kingine watu hawaambiwi, stresi mara nyingi haileti ugonjwa mpya bali inaamsha uliokuwa umelala. Mwenye pumu ya ngozi inamrudia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, mwenye soriasisi magamba yanaongezeka, mba inashamiri, yule mwenye virusi vya malengelenge ya mdomo anaamka nayo pembeni ya lipsi, hata mkanda wa jeshi unaweza kuibuka kwa mtu aliyewahi kuugua tetekuwanga zamani. Na nywele nazo. Nywele zina tabia ya kuchelewa, zinamwagika miezi 2 mpaka 3 baada ya tukio, msiba au kujifungua au homa kali, kwa hiyo mtu anahangaika na mafuta aliyopaka juzi wakati chanzo ni kitu cha kabla ya Ramadhani. Habari njema ni kwamba hizo kwa kawaida zinarudi zenyewe ndani ya miezi 6 hivi.

Hakikisha kwanza kama kweli ni stresi

Hapa niwe mkali kidogo maana siku hizi kila kitu kinaitwa stresi. Kama mnawashwa nyumba nzima na mwasho unazidi usiku, hasa katikati ya vidole na kiunoni, huo ni upele wa wadudu, mnatakiwa kutibiwa wote siku moja na kuanika matandiko. Vipele vidogo vidogo vya shingoni na mgongoni vinavyochoma kama sindano wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi hapa kwetu unapooga na kuloa jasho kabla hujajifuta, hiyo ni harara, dawa yake ni hewa na nguo ya pamba. Mabaka mepesi yaliyopauka ya kifuani na mgongoni, utangotango, ni fangasi. Vipele kwenye mstari wa nywele vinaweza kuwa ni mafuta ya nywele, na vya paji la uso palepale kofia ya ushungi inapobana ni msuguano na jasho, fua hiyo kofia kila siku. Bodaboda wanapata kidevuni mkanda wa helmeti unapopita.

Na baka lililopauka au jekundu ambalo ukiligusa na unyoya husikii, hilo usikae nalo hata wiki, nenda kituo cha afya ukapimwe ukoma. Unatibika, dawa ni bure, na ukiwahi hupati ulemavu.

Kama sio hayo, sasa tuendelee.

Hatua ya kwanza, andika

Daftari la shilingi mia tano linatosha, au noti za simu. Kwa wiki 2 andika kila usiku vitu vitatu basi, umelala saa ngapi jana, leo nini kimekukera, na ngozi ikoje. Usiandike insha. Baada ya wiki 2 soma kwa pamoja. Wengi wanaona vipele vinakuja siku chache baada ya siku mbaya, sio siku ileile. Wanawake ongezeni tarehe za hedhi, kwa sababu chunusi za kidevu na taya zinazopanda wiki moja kabla ya siku zako zina mkono wa homoni nyingine na matibabu yake ni tofauti kidogo.

Hii hatua watu wanaidharau sana na ndo inayookoa pesa. Bila hilo daftari utalaumu dagaa, utalaumu maji ya bomba, utamlaumu jirani.

Hatua ya pili, punguza vitu usoni

Mwenzangu hapa ndo penye kazi. Mtu mwenye stresi anapaka vitu saba, sabuni ya dawa, skrabu, tona, serumu, kremu ya usiku, mafuta ya kuondoa madoa, halafu ndimu. Kila kimoja kinachubua ule ukuta niliousema. Sabuni za kipande za kawaida zina ukali wa kama pH 9 au 10 wakati ngozi inapenda karibu na 5, sasa ukiosha mara tano kwa siku unategemea nini.

Kwa wiki 4 baki na vitu vitatu. Sabuni ya uso laini isiyo na harufu, mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na ukitoka kwenye jasho suuza na maji tu. Losheni nyepesi isiyo na manukato, ipake uso ukiwa bado una unyevu. Na asubuhi mafuta ya kuzuia jua, sanskrini ya SPF 30 au zaidi, ijaze urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo. Najua utasema mimi mweusi ya nini. Ngozi yetu kila kipele kinapopona kinaacha doa jeusi, na jua la Tanga linalikoleza doa lile likae miezi badala ya wiki. Watu wengi wanaokuja kwangu kulalamikia chunusi ukiangalia vizuri chunusi zimebaki tatu, kinachowaumiza ni madoa.

Kwa nini wiki 4? Kwa sababu tabaka la juu la ngozi linajibadilisha kwa takriban mwezi mmoja, na kwa watu wazima zaidi linachukua muda mrefu kidogo. Kubadilisha kremu kila siku ya nne ni kumwaga hela Pangani.

Mafuta ya nazi, najua niko Tanga na nitapigwa. Mwilini, miguuni, kwenye viwiko, paka, ni mazuri. Usoni kwa mtu mwenye chunusi yanaziba vitundu, achana nayo. Liwa ya kusaga mwenyewe sina ugomvi nayo kama ngozi yako imeizoea na haina vidonda, singo ya bibi harusi vilevile, ila isuguliwe kwa mkono mwepesi na sio juu ya chunusi zilizoiva. Ndimu na limau hapana kabisa, ukipaka halafu ukatoka juani inaweza kukuunguza na kukuachia mabaka meusi. Dawa ya mswaki juu ya kipele pia hapana.

Halafu mkorogo, vile vipodozi vya kuchanganyiwa vya kung'arisha ngozi. Humu tusidanganyane, wengine mnasoma huu mwongozo uso umeshawasha moto na chanzo ni kikopo kisichokuwa na lebo. Ndani yake kunakuwa na haidrokwinoni, zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli, na steroidi ikitumika usoni kwa miezi inafanya ngozi iwe nyembamba, mishipa ionekane, vipele vidogo vidogo vitoke vya kufanana. Ile wiki ya kwanza inakupa raha kweli, uso unatulia, ndo mtego wake. Kwa hivo vikopo vya kuchanganyiwa usijiulize mara mbili, TBS, shirika la viwango, ndio wanaosimamia vipodozi sasa hivi tangu 2019 na vyenye viambato hivyo haviruhusiwi. Ila kama umeitumia muda mrefu usiikate leo na kukaa kimya, ngozi inaweza kulipuka vibaya kuliko mwanzo, nenda kwa daktari akuelekeze namna ya kushuka. Vilevile zile tyubu za mchanganyiko, zenye steroidi na dawa ya fangasi na antibiotiki humohumo, watu wanapaka kwa kila kitu. Muuzaji akikupa hiyo bila kuitazama ngozi yako, hata kama ni mimi, kataa.

Hatua ya tatu, mikono

Kuna dada anauza chapati stendi ya Kange, alikuja na vipele vya taya upande wa kulia tu, upande wa kushoto msafi. Wakati ananieleza, kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinapanda taratibu, kucha inatafuta kipele, inakwangua, inashuka, inapanda tena, na mwenyewe hana habari. Nikamwomba aniletee mkono juu ya kaunta. Chini ya kucha kulikuwa na unga wa ngano na damu kidogo. Sikumuuzia kitu zaidi ya plasta.

Kwa hiyo fanya hivi. Kata kucha fupi kabisa. Vile vipele unavyovipenda kuvishika bandika plasta ndogo usiku na ukiwa nyumbani, sio dawa ila inakunyima nafasi. Ujue saa yako ya kutumbua, kwa wengi ni wakati wa kuongea na simu, kuangalia tivii, au kusimama bafuni kwenye kioo na taa kali, na kwa saa hiyo upe mkono kazi, tasbihi inafaa sana, kusuka ukili, kuchambua mchele, chochote. Kama unawashwa usikune, weka kitambaa kilichoroweshwa maji baridi kwa dakika kumi kisha paka losheni. Na maji ya moto ya kuoga, ile raha ya kujimwagia maji ya moto penye mwasho, inazidisha baadaye.

Kama umejaribu huwezi kuacha kabisa, unachuna ngozi mpaka vidonda kila siku, hiyo ina jina kwenye utabibu na inatibiwa na watu wa afya ya akili, sio tabia mbaya wala uchafu. Sema tu.

Hatua ya nne, usingizi

Ningeambiwa nichague hatua moja ningechagua hii. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi, na hapa kwetu hesabu ni rahisi: kama unaamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya swala au ya kuwahi soko la Mgandini, basi saa nne usiku unatakiwa uwe umeshalala, sio umeingia kitandani na simu.

Kahawa. Naipenda kahawa chungu ya barazani na kashata kuliko mtu yeyote, lakini nusu ya kafeini bado inazunguka mwilini baada ya saa 5 hivi, kikombe cha saa kumi na mbili jioni ifikapo saa tano usiku nusu yake ungali nayo. Kunywa mchana. Barazani jioni kaa kwa stori, kunywa maji ya tangawizi, hakuna atakayekufukuza. Na zile energi za chupa wanazokunywa vijana wa bandarini na bodaboda, hizo ni kafeini na sukari kwa pamoja, usiku mbovu na chunusi juu.

Joto la kaskazi linaua usingizi kweli, hilo sibishi. Oga maji ya kawaida kabla ya kulala, kitanda kisogee karibu na dirisha, feni ipulize kwa upande isikupige usoni moja kwa moja, neti iwe safi, shuka ya pamba, na foronya ibadilishwe mara mbili kwa wiki maana ndo inayokaa na uso wako usiku kucha. Simu iweke chaji mbali na kitanda. Kama mawazo yanakujia ukishalala, amka, andika yote kwenye lile daftari pamoja na kitu kimoja utakachofanya kesho, funga, rudi. Wasiwasi ukishaandikwa unapunguza kelele.

Hatua ya tano, shusha mwili

Pumzi kwanza, haina gharama. Kaa, vuta kwa pua ukihesabu mpaka 4, toa taratibu ukihesabu mpaka 6, dakika 5. Kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta kunatuliza mapigo ya moyo. Fanya usiku, na fanya kabla ya kupokea ile simu unayoiogopa.

Halafu mwili utembee. Shirika la Afya Duniani linasema angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na sisi Tanga tuna bahati mji ni tambarare na baiskeli ni jadi yetu, ukiendesha kutoka Makorora mpaka mjini na kurudi siku tano za wiki utakuwa umepata sehemu kubwa ya dakika hizo bila kulipa gym. Au tembea Raskazone jioni jua likiwa limelala, upepo wa bahari, peke yako au na shoga yako ila msiongelee kazi. Ukimaliza suuza jasho mapema. Kuna wanaokwenda kwenye maji ya moto ya salfa ya Galanos kule Amboni, sawa, kama ni kwa mapumziko nenda na ufurahi, ila mwenye pumu ya ngozi au vidonda wazi asikae humo, yanaweza kumkausha na kumchoma.

Wanaopata nafuu kwenye swala, dhikri, kwaya, taarab, endeleeni. Sigara haishushi, inapunguza damu inayofika kwenye ngozi na inavunja kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara.

Chakula nitapita haraka. Maji ya kunywa hayaoshi chunusi, kunywa ukiwa na kiu basi. Sukari nyingi ndo ina ushahidi wa kuzidisha chunusi, kwa hiyo chai ya vijiko vinne, soda, maandazi asubuhi na jioni, punguza. Kwa baadhi ya watu maziwa pia. Samaki, mboga za majani, machungwa ya Muheza, kula bila woga.

Hatua ya sita, chanzo chenyewe

Haya, yote ya juu yanashikilia tu kama jambo lenyewe lipo palepale. Mimi sio mshauri wa ndoa ila kwa ninaowaona dukani, jambo nambari moja ni deni, na hasa hii mikopo ya kausha damu ya marejesho ya kila siku au kila wiki. Yule dada wa chapati alikuwa nayo mitatu, wa pili aliuchukua kulipia wa kwanza.

Chukua karatasi moja, andika madeni yote, hata ya dukani kwa Mangi na mchango wa harusi, unadaiwa na nani, kiasi gani, unalipa siku gani na unalipa zaidi kiasi gani juu ya ulichochukua. Kuyaona yote pamoja kunatisha dakika kumi za kwanza, ila hapo ndo yanaacha kuwa wingu na yanakuwa orodha. Acha kabisa kukopa kulipa mkopo. Ule wenye riba kubwa ndo wa kuukimbiza kwanza, mingine lipa kiwango cha chini. Mfuate mkopeshaji kabla ya siku ya marejesho sio baada, ukaombe kupunguziwa kiwango na kuongezewa muda, na maelewano yaandikwe. Uliza leseni yake, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wawe nayo, na anayetishia kukudhalilisha mitandaoni huyo ushahidi wake uutunze. Na kama mko kwenye kikundi, kaulizeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, haina riba, 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mlolongo wake mrefu, msiende siku ambayo mnadaiwa.

Kama jambo lako sio hela ni mtu, tafuta wa kumwambia ambaye hatalisambaza uani. Pwani tulikuwa na somo, yule mama wa kumfunda mwali, kwa kazi hiyo, wengine bado mnaye, mtumieni. Shangazi, sheikh, mchungaji, rafiki wa mbali, yeyote asiyekuwa na upande. Na kuna stresi ambazo jibu lake ni kusema "siwezi" kwa upole, michango ya sare za harusi kwa mfano, kitenge cha tatu mwezi mmoja, ukisema huwezi hawatakula nyama yako.

Dawa za dukani, baada ya wiki 4

Kama umefuata yote na chunusi bado, sasa ongeza kitu kimoja. Kimoja. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5 inaua wale bakteria, paka nyembamba usiku, anza siku moja ndiyo moja hapana, na foronya iwe nyeupe maana inachuja rangi za nguo, ushungi wako mzuri usiulaze hapo. Asidi ya salisiliki inasaidia vile vipele vyeusi vya kuziba. Jeli ya adapalini asilimia 0.1 ni nzuri pia kwa chunusi na madoa lakini mjamzito au anayetafuta mimba asiguse. Yoyote utakayochagua ipe wiki 8 mpaka 12, na wiki za kwanza ngozi inaweza kukauka kidogo, ongeza losheni na punguza siku, usiongeze dawa. Vidonge vya antibiotiki vya chunusi usijinunulie.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda leo leo kama lipsi, ulimi au uso umevimba ghafla na pumzi inabana, kama vipele vya mkanda wa jeshi au malengelenge vimekaribia jicho, kama ngozi inababuka na una homa, hasa kama umeanza dawa mpya karibuni. Nenda wiki hii kama vipele ni vikubwa vya ndani vinavyoacha mashimo, kama nywele zinatoka kwa viraka vya duara, kama kucha zimeharibika, kama mwasho unakunyima usingizi kwa zaidi ya wiki 2. Na kama stresi imefika mahali huli, hulali, huoni faida ya kuendelea kuishi, hapo habari ya ngozi iweke pembeni, mwambie mtu wa karibu sasa hivi mwende pamoja hospitali.

Anzia kituo cha afya cha karibu, wao ndo wanakuandikia rufaa ya Bombo, hospitali ya mkoa, na kesi ngumu za ngozi huwa zinakwenda mpaka hospitali ya KCMC Moshi ambako kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992. Siku hiyo usipake kitu chochote usoni, wala poda, wala wanja. Beba lile daftari, na beba kwenye mfuko kila tyubu, kila kopo, hata kile kikopo kisichokuwa na lebo ulichokificha nyuma ya kabati, umwekee daktari mezani. Kama unaona aibu kukitoa mbele ya watu, kifunge kwenye gazeti.